Binti yangu anachati na mtu asiyemjua kwenye gemu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina binti wa miaka 11, nilimwachia simu yangu ya zamani achezee gemu na kufanyia homuweki. Juzi nimeishika nikakuta anachati ndani ya gemu na mtu anayesema ana miaka 13, amemrushia koini za bure, halafu anamwambia "tuhamie WhatsApp, usimwambie mama, nitumie picha ukiwa na yunifomu". Nikamnyang'anya simu, nikagomba sana, sasa binti haongei na mimi. Nimfungie intaneti kabisa? Mama Binti

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Umeliona mapema, wengi wanakuja kujua picha zikishatumwa.

Hebu zirudie hizo meseji polepole. Koini ndio chambo. WhatsApp anaitaka ili apate namba ya mtoto na amtoe kwenye gemu ambako meseji zinaweza kuripotiwa. Yunifomu ina beji ya shule, kwa hiyo picha moja tu inamwambia binti yako anapatikana wapi kila asubuhi. Halafu hiyo "usimwambie mama" ndiyo mbaya kuliko zote, mtoto wa kweli wa miaka 13 ana haja gani ya kumficha mama wa mwenzake? Umri wenyewe huenda kauandika tu, si kila gemu linaukagua.

Usifute kitu. Piga skrinshoti za meseji zote pamoja na jina analotumia na profaili yake, ripoti ndani ya gemu, ndipo umbloku. Usijifanye wewe ndio binti ukamjibu ili umnase, hiyo kazi waachie polisi, wapelekee hizo skrinshoti.

Sasa huyu mtoto. Kwake yeye amepokea zawadi kwa rafiki halafu akaadhibiwa, na hivi ndivyo hawa watu wanavyowaambia watoto, kwamba ukisema utanyang'anywa simu. Ukimfungia kabisa utakuwa umemthibitishia, atatumia simu ya mwenzake na safari hiyo hutaona kitu. Kaa naye, mwambie wazi kosa ni la yule mtu mzima, kisha muulize taratibu kama kuna picha alishatuma. Kama ipo na ameanza kutishwa, msilipe na msitume nyingine, maana wakishalipwa wanarudi. Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya kituo cha kulinda watoto cha Marekani kiitwacho NCMEC, ni kwa picha za utupu za walio chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako, inatengenezewa alama ya kidijitali tu, mfano wa alama ya kidole, na mitandao iliyojiunga kama Instagram na TikTok inaitumia hiyo alama kuitafuta na kuiondoa.

Simu mrudishie ikiwa imewekwa sawa. Kama ni Android weka Family Link ya Google, hapo kila apu anayotaka kupakua inakuomba ruhusa wewe kwanza na muda wa kutumia unapanga wewe, iPhone ina Screen Time. Ingia na kwenye setingi za gemu lenyewe uzime chati, au uruhusu marafiki anaowajua kwa sura tu, maana hizo apu hazikusomei meseji za ndani ya gemu. Mfanye mkiwa pamoja, aone unachobadilisha na kwa nini, na usiku simu ichajiwe sebuleni, ya kwako pia.

SWALI: Shangazi, mwanangu wa miaka 5 anaangalia katuni kwenye simu yangu, nikigeuka nakuta video za ajabu. Baba Mdogo

JIBU: Baba, mwekee YouTube Kids, ndani yake chagua ile sehemu ya video ulizoidhinisha wewe tu, hapo hata kutafuta hawezi. Pia weka namba ya siri kwenye manunuzi ya Play Store, vidole vya miaka 5 vinabonyeza chochote kinachong'aa.