Barua kwa mwanangu: Nyumbani wapi?

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Mimi sijambo, ila goti la kushoto tu, nalo likishapata moto asubuhi linakubali kwenda. Nisalimie mkwe wangu na hao wajukuu.

Jumanne uliponipigia nilikuwa ndani ya basi, nikakwambia ngoja nifike nyumbani tutaongea. Ukaitikia vizuri. Usiku ndipo nikaona ujumbe wako: "Baba, umesema nyumbani. Nyumbani wapi? Huko kwenye kambi ya wazee?" Nimeusoma zaidi ya mara moja. Najua swali hilo lina mengine nyuma yake, maana wewe ndiye tuliyekuacha kwa bibi yako Tanga kwa "miaka mitatu tu", na hiyo mitatu ikazaa mingine 28. Basi nakujibu kwa barua, ya simu yanakatika katikati.

Kwanza, si kambi. Ni jengo la ghorofa tatu la halmashauri hapa Leicester, Uingereza, lina milango 36, na nyuma ya kila mlango yuko mtu aliyetimiza miaka 60. Ufunguo ni wangu, jiko langu, choo changu, kodi nalipa mwenyewe. Hakuna anayenipikia wala kuniogesha. Yupo msimamizi anayekuja siku za kazi, na asubuhi anatuita mmoja mmoja kupitia kisanduku cha ukutani kuuliza kama tumeamka salama.

Kisanduku hicho nusura kinitoe roho wiki ya kwanza. Bafuni kuna kamba mbili zinaning'inia darini, nyeupe na nyekundu. Usiku, bila miwani, nikavuta ile niliyoigusa, nikidhani nawasha taa. Ghafla ukuta ukaniuliza, kwa jina langu, kama nimeanguka. Nimesimama na kikoi mkononi! Nikasema hapana, samahani, ukuta ukanijibu hakuna taabu. Kesho yake nikaikunja ile kamba nyekundu, nikaifunga fundo juu isinisumbue tena. Msimamizi alipoiona hakunigombeza. Aliifungua, akaishusha mpaka ikakaribia sakafu, kisha akanieleza: anayeanguka hawezi kusimama aivute, anaivuta akiwa pale pale chini. Tangu siku hiyo sijaigusa, na ninaoga nikiiona.

Sasa hilo la kupafanya nyumbani, nilianza vibaya. Kila mtu alinishauri nihame na vitu vyangu, nikahama navyo: mkeka wa ukindu, birika la kahawa, picha ya mama yako, saa ya ukutani, hata lile bao la babu yako nikalitundika kama pambo. Chumba kikapendeza, ungekiona ungenisifu. Lakini nilikuwa nakaa humo kama mgeni aliyefikia gesti nzuri, nasikiliza lifti ikipanda na kushuka, sijui nani kashuka. Miezi minne, mwanangu, salamu zangu zote zilikuwa za kwenye lifti, na za hali ya hewa.

Iko sebule ya pamoja chini, lakini viti vyake vilipangwa vyote migongo ukutani, vimeizunguka sebule nzima kama watu wanaosubiri daktari. Ukikaa, mwenzako yuko hatua kumi mbele yako. Utamwambia nini, umpigie kelele?

Kilichonitoa ni samaki. Siku hiyo nilikuwa nakaanga changu wa kugandishwa (mama yako alikuwa anakaanga hakuna hata wingu, sijui alikuwa anafanyaje), mafuta yakashika moto kupita kiasi, moshi ukajaa. Nami kwa akili zangu nikafungua mlango wa mbele utoke. Ukatoka, ukaingia korido, ukakikuta king'ora cha korido, na hicho ni cha jengo zima. Dakika kumi baadaye wazee 30 na ushee wako barabarani na ndara na nguo za kulalia, mwezi wa Novemba, na gari la zimamoto linaingia. Nilitamani ardhi inimeze.

Asubuhi yake mlango ukagongwa. Bibi mmoja wa Kihindi, mfupi, sweta juu ya sari, ameshika sahani imefunikwa. Akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kweli, ingawa kimepinda: "Wewe napika samaki, hapana fungua mlango. Fungua dirisha." Akanipa sahani. Muhogo wa kukaanga, chumvi, pilipili na ndimu.

Kumbe alizaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, yeye alikuwa binti wa miaka 22. Halmashauri ya Leicester wakati huo ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku. Anasema baba yake alilisoma akauliza, "Leicester ndiyo wapi?" Ndiyo kwanza walisikia jina. Wakaja. Maelfu walikuja, na wengine kutoka Kenya na Tanzania, na ndiyo maana leo ukienda madukani Belgrave Road unapata muhogo umemenywa, umegandishwa, unaitwa mogo. Jina limepungua njiani, lakini muhogo ni ule ule.

Miezi minne nimeishi mlango wa tatu kutoka kwa mtu anayejua Kiswahili, na sikujua. Hapo ndipo nilipojionea aibu zaidi kuliko ile ya zimamoto.

Nikalitungua bao ukutani, nikashuka nalo sebuleni. Nikavuta viti viwili na meza ndogo mpaka dirishani, pale unapoona geti na kituo cha basi. Asubuhi wafagiaji wakavirudisha ukutani. Nikavitoa. Wakavirudisha. Tulikwenda hivyo kama wiki tatu, hakuna aliyemsemesha mwenzake, mpaka siku moja nikashuka nikavikuta dirishani, na cha tatu kimeongezwa.

Cha tatu kilikuwa cha Mwingereza wa mlango namba 9, aliyefanya kazi kiwanda cha soksi maisha yake yote. Alikuja kutazama, akaishia kucheza. Kunamua, ile hatua ya mwanzo ya kutia kete moja moja, kulimpa tabu kutamka, lakini neno "nyumba" alilishika siku ya kwanza: lile shimo la kete sita ambalo ukiishia humo unaamua, ulale, yaani usimame hapo, au usafiri, yaani uendelee kugawa kete. Yeye alikuwa analala tu. Mara zote! Nikamwambia mzee, ukilala kila siku utaliwa. Anacheka, analala. Kete zetu mbili zilipopotea nyuma ya kipasha joto, akaenda chumbani kwake akarudi na vifungo viwili vya shati, vikatimiza 64.

Basi siku hizi mtu akipotewa na miwani ananigongea mimi. Dereva wa zamani nimekuwa msoma ratiba wa jengo zima. Wananiuliza basi gani linakwenda hospitali na ni saa ngapi. Pasi ya wazee, ya kupanda basi bure, inaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, na nilipokuwa kwenye usukani nilikuwa nawaona wazee wamesimama kituoni wakisubiri dakika itimie, nawacheka moyoni. Sasa ndio mimi na bibi wa Jinja, tunaangalia saa. Huko ndiko nilikokuwa uliponipigia.

Sitakuficha ya upande wa pili. Mwezi wa pili mzee wa namba 9 alifariki. Alivuta ile kamba, walimkuta hai, akafia hospitali. Wanawe walikuja Jumamosi mbili, vitu vingine vikaenda kwenye kontena la taka, na kabla mwezi haujaisha kulikuwa na jina jingine mlangoni. Hakuna matanga, hakuna anayelala kwa wafiwa. Sisi tuliokuwa tukicheza naye tulikaa sebuleni na chai, bibi wa Jinja akaleta mogo. Hilo la kuhamwa haraka vile sijalizoea na sidhani nitalizoea.

Kuhusu kurudi, ambalo hukuniuliza lakini nimelisikia. Kaburi la mama yako liko Saffron Hill, basi moja tu kutoka hapa, nakwenda kila Ijumaa. Pensheni ya serikali nikihamia Tanzania nitalipwa, lakini haitapanda tena, itabaki pale ilipokuwa siku ya kuondoka mpaka nife, kwa kuwa nchi hizi mbili hazina mkataba. Na huko Tanga, Ngamiani, pale kibarazani Barabara ya 12, niliocheza nao bao nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao hawanitambui tena. Nitakuja Desemba, inshallah, nikae mpaka mvua za masika. Chumba chako kile cha uani kinanitosha.

Uliuliza pia uniletee nini ukija wewe. Nguo ninazo, usibebe nazi. Niletee komwe, zile mbegu za kuchezea bao, kama thelathini hivi, ziwe kubwa kubwa. Na usishangae ukikuta bado tunachezea vile vifungo viwili. Komwe ni za akiba.

Baba yako