Rangi nne zinatosha kuchora mandhari?

SWALI: Nachora milima ya Usambara kwa akriliki. Nina seti ya tyubu 24, lakini kijani changu hakielewani na rangi nyingine na milima ya mbali inaonekana iko karibu. Nimeshauriwa nipunguze rangi. Nibaki na zipi?
Mwanafunzi wa sanaa, Lushoto

JIBU: Umeshauriwa vizuri. Baki na nyeupe ya titani (PW6), oka ya njano (PY43), siena iliyochomwa, yaani kahawia inayoelekea wekundu (PBr7), na bluu ya ultramarini (PB29). Alama hizo, zinazotaja kitu hasa kinachotia rangi, huandikwa kwa herufi ndogo kwenye tyubu. Zifuate hizo kuliko jina kubwa la mbele, maana jina moja laweza kubeba vitu tofauti kwa watengenezaji tofauti. Nyeupe nunua tyubu kubwa, kwani ndiyo itakayoisha kwanza.

Kinachogombana ni kile kijani cha tyubu. Ukitengeneza kijani kwa oka na ultramarini, ndani yake tayari mna bluu ya anga lako na njano ya udongo wako, hivyo picha nzima inakuwa na undugu.

Kuhusu umbali, usianze na turubai. Changanya kwanza mafungu matatu. La milima ya mbali: nyeupe nyingi, ultramarini kidogo na chembe ya siena ya kupunguza ukali wa bluu. La katikati: punguza nyeupe, ongeza oka. La karibu: oka, ultramarini na siena, nyeupe karibu hakuna. Giza la chini ya miti lipate kwa ultramarini na siena kiasi sawa; huhitaji tyubu ya nyeusi. Kisha paka tone la fungu la mbali juu ya rangi ya anga: litofautiane nayo kidogo tu. Likionekana waziwazi, mlima utakuja mbele hata ukiwa na bluu nzuri namna gani, kwa sababu jicho hupima umbali kwa mwanga na giza kabla ya rangi. Picha ya simu isiyo na rangi itakuonyesha kosa hilo mara moja.

Akriliki hukauka ikiwa na giza kuliko ilivyo mbichi. Jaribu kwenye karatasi, subiri ikauke, ndipo upake.

SWALI: Kila nikichanganya napata tope. Kwa nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mara nyingi bluu, njano na kahawia zimeingia kwa kiasi kinacholingana, zikauana. Rangi mbili zitengeneze mchanganyiko, ya tatu iguse tu. Changanya kwa kisu, si kwa brashi, kwa sababu brashi huficha rangi ya zamani kwenye mizizi ya nywele. Weka makopo mawili ya maji, moja la kuoshea na jingine la kusuuzia. Fungu likiharibika usiliokoe kwa kuongeza rangi. Likusanye pembeni, litakufaa kwa kivuli cha njia au shina la mti. Na kama tope lako ni jeupejeupe kama chaki, umekimbilia nyeupe mapema. Kijani king'arishe kwanza kwa oka.

SWALI: Natumia rangi za mafuta. Ultramarini hainipi maji ya Mombasa ya upande wa ndani wa miamba ya matumbawe.
Mchoraji, Nyali

JIBU: Haitakupa. Ultramarini inaelekea zambarau, na yale maji yanaelekea kijani. Badilisha bluu iwe ya thalo (PB15:3), na oka iwe njano ya limau (PY3). Tahadhari: thalo ina nguvu sana. Kwa kijiko cha nyeupe anza na kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, na uitie bluu ndani ya nyeupe; ukifanya kinyume utamaliza tyubu ya nyeupe ukitafuta wepesi. Kisha njano kidogo. Nje ya miamba, kwenye kina, ndipo ultramarini inarudi, kwa hiyo isiondoke mezani. Mchanga ni nyeupe, chembe ya njano na siena kidogo sana. Brashi ya thalo ioshe kwa sabuni mara mbili kabla ya kuigusisha mchanga, la sivyo ufuko wote utakuwa kijani.

SWALI: Je, ile paleti ya Zorn isiyo na bluu inafaa mandhari?
Msomaji, Arusha

JIBU: Paleti hiyo, yaani seti ya rangi chache yenye jina la mchoraji Anders Zorn wa Uswidi (1860–1920), ni nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi. Inafaa siku ya mawingu: nyeusi na nyeupe kando ya oka huonekana kama bluu, na nyeusi na oka hutoa kijani cha zeituni. Kwa anga la Januari saa sita mchana haitoshi.