Nimefuta logi, mbona diski bado imejaa?

SWALI: Seva yetu ya Ubuntu ina diski moja ya GB 40, yenye mfumo wa mafaili wa ext4. `df -h /` inasema zimetumika GB 38, zimebaki 0, asilimia 100. Nimefuta logi (faili la kumbukumbu za programu) ya GB 21 kwa `rm`, namba hazijasogea. Lakini `sudo du -xsh /` inanipa GB 17 tu. Niamini ipi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ziamini zote, hazihesabu kitu kimoja. `df` huuliza mfumo wa mafaili umeshika bloku (vipande vya diski) ngapi. `du` hupita folda kwa folda ikijumlisha mafaili inayoyakuta kwa majina. Na `rm` huondoa jina tu: bloku haziachiwi mpaka programu ya mwisho iliyofungua faili hilo ilifunge. Programu yako bado inaandika kwenye logi isiyo na jina.

Itafute:

`sudo lsof +L1`

Hapo hutoka mafaili yaliyo wazi ambayo NLINK yake (idadi ya majina) ni 0. Tazama PID (namba ya programu inayoendesha), FD (namba ya faili ndani ya programu hiyo) na SIZE/OFF (ukubwa). Tuseme ni PID 2317 na FD 4w (w ni ya kuandika). Dawa safi ni `systemctl restart` kwa huduma hiyo peke yake. Kuzima seva nzima hakuna haja. Ikiwa huduma haiguswi saa za kazi:

`sudo truncate -s 0 /proc/2317/fd/4`

Nafasi hurudi papo hapo. Ila programu isiyoandika kwa kuongezea mwishoni huendelea pale ilipoishia, na `lsof` itaonyesha tena GB 21 ingawa karibu zote ni tupu. Usishtuke, fuata `df`.

Siku nyingine logi iliyo kazini ipunguze kwa `truncate`, usiifute. Kwenye logrotate (programu ya kuzungusha logi), `postrotate` inayoiagiza huduma ifungue logi upya ni bora kuliko `copytruncate` (kunakili logi kisha kuipunguza), ambayo inaweza kudondosha mistari michache.

Ukijumlisha 17 na 21 unapata 38. GB 2 zilizobaki ni ile asilimia 5 ambayo ext4 humwekea root (msimamizi mkuu). Kwenye `/` ziache. Kwenye diski ya data pekee, `sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1`, inayoipunguza hadi asilimia 1, inatosha.

`lsof` isipotoa kitu, shuku mafaili yaliyofunikwa: bekapu iliandikwa kwenye folda ya diski ya nje wakati diski yenyewe haijaunganishwa, kisha ikaunganishwa juu yake. Chungulia chini:

`sudo mount --bind / /mnt`
`sudo du -xh -d2 /mnt | sort -h | tail`

Ukimaliza, `sudo umount /mnt`.