Weather au whether? Kwa guide wa Moshi anayewaandikia wageni

Mdogo wangu nimekuelewa, kuongea na wageni unaongea freshi ila kwenye meseji unachanganya weather na whether, peak na peek. Hata mimi nilipoanza kupandisha wageni Kilimanjaro ilinitesa sana. Kingereza hakisomeki kama kilivyoandikwa, so achana na sikio, shika picha. Peek ina e mbili, macho mawili yanachungulia, peak ni kilele, ina a, iandike kubwa A uone imechongoka kama kilele cha Mawenzi, na ndo hiyo peak ya kwenye Uhuru Peak. Weather ina ea kama heat, joto, hali ya hewa hiyo. Whether ni "kama", inaanza kama what. Usiamini simu ikusahihishie, maneno yote mawili kwake ni sahihi. Ila ukiandika mkataba na mgeni, mpe mwalimu wa kingereza aupitie kwanza.