Mkia usipakwe bodi fila

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba alikuwa mpishi wa mmisionari mmoja Mjerumani hapa Moshi. Mmisionari aliporudi kwao alimwachia ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti, mabawa yake yanafika mita moja na nusu. Imekaa darini miaka mingi. Plastiki nyekundu iliyoifunika imechanika, mkia uliwahi kuvunjika ukaungwa, mbao za puani zimelowa mafuta meusi, na injini imeganda kabisa. Betri imetoa ukungu wa kijani. Fundi wa kunyoosha magari anasema atajaza bodi fila mkiani, ile lipu ya kuzibia mabonde ya mabati ya gari, apulize rangi ya gari, ing'ae kama mpya. Nikubali? Mimi nataka iruke, sitaki pambo la sebuleni.
Binti wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikubali. Fundi huyo anajua kazi yake, lakini kazi yake ni mabati, na gari halijali likiongezewa robo kilo. Ndege yako ni mbao ya balsa, mti wa Amerika ya Kusini ambao kipande chake kikavu ukikishika unadhani mkononi huna kitu. Na uzito wa mkiani ndio mbaya kuliko wote. Mkia uko mbali na bawa, pua iko karibu. Umewahi kuona watoto kwenye bembea ya ubao: mdogo akikaa mwishoni kabisa humwinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati. Ukiweka gramu 30 za bodi fila mkiani, huenda ukalazimika kufunga madini ya risasi ya gramu 80 au 90 puani ili ndege isawazike. Umeshabeba zaidi ya gramu 100 zisizokusaidia chochote.

Nasema hivi kwa uchungu. Ndege yangu ya kwanza niliiunga mkia kwa gundi ya epoksi, nikaimimina nikidhani wingi ndio uimara. Niliirushia uwanda wa Mbuguni. Iliinua pua, ikaishiwa kasi, ikalalia bawa moja na kushuka kama jiwe. Niliokota vipande hadi magharibi. Huku kwetu Arusha, kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, na ndege nzito hudai mwendo mkubwa zaidi ili ishike hewa. Nyie wa Moshi mko chini yetu, lakini joto lenu la mchana nalo huipunguza hewa.

Basi anza kwa kubandua plastiki yote, taratibu, ukitokea pembeni. Ukifika kwenye ule muungo wa mkia, ukunje kidogo kwa vidole. Usipolia wala kufungua ufa, uache ulivyo. Huenda ni kazi ya mkono wa baba yako, na imeshika. Ukifunguka, paka gundi nyeupe ya seremala, kiasi cha kulowesha tu, ubane kwa vibanio vya nguo usiku kucha.

Puani ndipo pa kukaa siku nyingi. Gundi haishiki mbao yenye mafuta, na injini imefungwa hapohapo. Futa kwa spiriti, nje ya nyumba, mbali na jiko. Kisha nyunyiza wanga mkavu wa mahindi, uache hadi asubuhi, upanguse kwa brashi. Wanga utatoka umekuwa wa manjano. Rudia mpaka utoke mweupe. Mbao inayobonyea kwa ukucha ikate, uweke mpya.

Injini yako, naamini, haijafa. Mafuta ya injini hizi ni methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, na zamani mara nyingi yalikuwa ya nyonyo. Nyonyo ikikaa miaka hukauka ikawa kama ulimbo. Usithubutu kuikaba kwa koleo! Fungua plagi, dondoshea mafuta ya cherehani, azima draya ya saluni uipashe hadi usiweze kuigusa. Vaa glavu nene, zungusha propela kwa mkono, mbele na nyuma, kidogokidogo. Ikigoma, ilale na mafuta, kesho upashe tena.

Betri itupe pamoja na swichi na nyaya zake, maana ule ukungu hutambaa ndani ya waya hadi shaba inakuwa nyeusi. Redio za rimoti za Kijerumani za wakati huo nyingi zilitumia mawimbi ya megahezi 35. Mimi ningenunua rimoti na kipokezi vipya vya gigahezi 2.4. Tangi la mafuta lioshe, lakini mirija yake badilisha yote.

Plastiki mpya ya kufunikia hubanwa kwa pasi ya umeme, moto mdogo kwanza, nawe ujaribu kwenye kipande cha pembeni. Ukimaliza, tangi likiwa tupu, inua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Pua iiname kidogo. Mkia ukilala, sogeza betri mbele kabla ya kufikiria risasi.

Kama bawa lako hufungwa kwa rababendi, nunua mpya, 10 au 12, maana za zamani hukatika zikivutwa. Kuhusu kurusha, uliza kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukae mbali na uwanja wa ndege wa Moshi na ule wa KIA. Mara ya kwanza rimoti ishikwe na aliyewahi kurusha. Ukikosa mtu huko, niandikie. Moshi si mbali, nitapanda Coaster ya asubuhi.