Maji ya Kivu kwa tangi la mimea?

Ndugu, umeuliza kama maji ya ziwa yanafaa kwa tangi la samaki lenye mimea hai. Kwa mimea mingi, hapana. Maji ya Kivu yana pH (kipimo cha uchachu wa maji; 7 ni katikati) karibu 9 na yamejaa madini ya magnesiamu, na hapo mimea laini hugeuka manjano. Yachanganye na maji ya mvua, ila acha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza.

Mawe usinunue, tuko Goma! Okota lava, yale mawe ya volkano, yenye matundu, isugue kwa burashi, iloweke siku kadhaa. Kisha chukua Anubias, mmea wa huku kwetu Afrika ya Kati na Magharibi: ufunge juu ya jiwe kwa uzi wa kushonea. Lile shina nene linalotambaa usilifukie mchangani, litaoza. Mizizi itashika jiwe yenyewe. Nyuma panda Vallisneria, ile ya majani marefu kama utepe, inavumilia hata maji magumu, yaani yenye madini mengi.

Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, zatosha, ukizidisha mwani utakujazia kioo. Samaki wasubiri wiki 4 hivi, hata watoto wakikusumbua.