Kabla ya Kushika Msasa, Katazame Pua

Mwaka wangu wa pili kwenye karakana ya samani hapa Berlin nilipewa kabati la mwaloni la bibi mmoja. Nikalipiga msasa nje, ndani, mpaka nyuma ya droo. Likang'aa! Shida ikaja wakati wa kurudisha droo. Zilikuwa sita, kila moja ina namba ya penseli aliyoiandika seremala wa kwanza, na zote nilikuwa nimezifuta. Fundi mkuu hakunigombeza. Alinituma Altes Museum, jumba la makumbusho la sanamu za kale hapa Berlin, nikatazame pua.

Nilidhani ananitania. Lakini zizunguke zile sanamu za Kigiriki na Kirumi, usimame ubavuni. Kwenye baadhi yake utaona mshono puani, shingoni au begani, umenyooka kama rula. Marumaru haivunjiki hivyo. Pale fundi wa baadaye alichonga palipovunjika ili kiungo kipya kikae sawasawa.

Mmoja wa waliosimamia matengenezo hayo, kabla jumba halijafunguliwa mwaka 1830, ni mchongaji Christian Daniel Rauch. Wengi wanamjua kwa Mfalme Friedrich aliye juu ya farasi pale barabara ya Unter den Linden, sanamu iliyozinduliwa 1851. Mimi nampendea alikotokea. Alizaliwa Arolsen mwaka 1777, akajifunza uchongaji, kisha maisha yakamsukuma kuwa mtumishi wa jumba la kifalme. Alichonga kwa kuibia muda hadi akapata kwenda Roma. Malkia Luise wa Prussia, ambaye Rauch aliwahi kumtumikia, alipofariki mwaka 1810, ni Rauch aliyechonga sanamu ya kaburi lake huko Charlottenburg, hapa Berlin. Malkia amelala miguu imepishana, utasema umwamshe.

Sasa mtu mwenye mkono kama huo mpe kiwiliwili kisicho na kichwa. Atakiachaje? Zama zake zilitaka sanamu kamili, naye alikuwa na uwezo wa kuikamilisha. Kwenye makumbusho ya Munich waliwahi kubandua viungo alivyoongeza Thorvaldsen, mchongaji wa Denmark wa zama hizo hizo, kwenye sanamu za kale za kisiwa cha Ugiriki cha Aegina, miaka ya 1960. Viungo vilitoka, ila jiwe lililokwisha kukatwa halikurudi.

Kwa hiyo nikipata kitu cha zamani siku hizi, picha kwanza, mbele na nyuma, na namba naandika upya kwenye karatasi. Natumia gundi ya ngozi, ile ya kuchemsha, kwa sababu fundi ajaye anaweza kuilainisha kwa maji ya moto. Gundi za kisasa za kopo mbili zinashika kweli, lakini ukikosea umekosea. Kipande kipya cha mbao sikipaki rangi ya kudanganya jicho; mteja akinung'unika, namweleza. Wengine hawaelewi, wanapeleka kwingine, sawa.

Na msasa? Nje tu, tena kwa kubembeleza. Lile kabati la bibi tulilirudisha baada ya kujaribu droo moja moja kutwa nzima. Ya tatu hukwama kidogo mpaka leo.